Kwa Mwende, Kabla Hujapanda Vyuma

Mwende, mwaitu,

Leo mchana uliniuliza swali, nami nikakwambia ushike geti vizuri. Nimekaa hapa mezani tangu mlipomaliza kula, na mama yako amepita mara kadhaa akijifanya anatafuta kiberiti. Anajua ninachofanya. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba umesema hutapanda gari kesho kama sitasema mwenyewe uende ama usiende. Kwa mdomo nimejaribu, nimeshindwa. Kwa hivyo naandika, nawe utasoma kabla ya chai, halafu utaamua.

Mambo ya kufua, kula, kuweka pesa na kuchagua marafiki mama yako ameshakwambia, shangazi yako amerudia, na mchungaji ataongeza yake. Shangazi bado anasema kwamba msichana mwenye vidole kama vyako angefungua saluni hapa Kanyangi sokoni. Mwache aseme. Mimi nataka kuongea juu ya kazi yenyewe na juu yangu, kwa sababu unavuka mto Athi kwenda Kiboko kufanya kazi ile ile ya juu ya vyuma iliyonirudisha nyumbani nikibebwa, na hatujawahi kuiongea mimi na wewe. Tumeongea juu ya mageti, madirisha na bei ya vyuma, basi.

Nakuita mwaitu kwa sababu una jina la mama yangu, na umezoea. Wateja ndio hawajazoea. Wanacheka wakisikia mzee mwenye mvi anamwita msichana wa ovaroli mama yake, tena anamwuliza kama anaweza kumpa spana. Nitakosa hilo, nadhani. Sina uhakika, na kwa nini sina uhakika ndiyo habari ya barua hii.

Nianze na kujifunza. Wewe utalipwa huku ukijifunza. Uliponieleza mara ya kwanza nilidhani kuna mtu anawadanganya nyinyi vijana, na nikakwambia uulize tena. Ukauliza, ikawa ni kweli. Mimi nilijifunzia kazi Kitui mjini kwa fundi mmoja mzee, hodari kweli, na malipo yangu yalikuwa chakula cha mchana, siku ambazo yeye mwenyewe alikula. Alikuwa na tabia moja. Kila akifika mahali pa kupima, anakupa mgongo. Anageuka kabisa, anapima, anaweka alama ya chaki, ndipo anakuita ushike. Hakutaka tumwibie kazi. Kujifunza kwangu kulikuwa kuchungulia chini ya kwapa lake, na lilikuwa kwapa la mtu anayefanya kazi juani.

Nilimchukia kwa hilo. Nilisema nikipata kibanda changu cha kuchomelea sitafanya hivyo. Halafu siku moja, ukiwa bado shuleni, ukaniuliza, "Baba, mbona ukipima unageuka?" Nilikuwa nimekupa mgongo. Wewe, mtoto wangu mwenyewe, nakuficha vipimo vya mlango wa choo. Sikuwa hata najua. Kuanzia hapo nilijilazimisha kupima nikikuangalia, na ilinichukua muda, kwa sababu mwili ulikuwa unageuka wenyewe. Huko uendako kuna mtu anayelipwa ili akufundishe. Akikupa mgongo, zunguka usimame mbele yake umwulize. Asipojibu, uliza kesho yake tena.

Sasa Zombe. Unajua nilianguka Zombe. Kanyangi nzima inajua, kwa sababu nilisimulia kanisani mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakawa wanaigiza. Lakini ulichosikia ni ile ya kanisani, na ile ya kanisani ina shimo katikati.

Tulikuwa tunasimamisha ghala la chuma, nguzo ndefu na boriti juu yake. Mimi na Kilonzo ndio tuliokuwa juu, kupokea boriti kreni inapozileta na kuzifunga bolti. Kilonzo unamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa akija kututembelea na mkungu wa ndizi. Tulikuwa tukiabudu pamoja katika kanisa dogo pale Zombe, na Ijumaa moja kukawa na kesha. Nikaenda. Watu waliambiwa walete mahitaji yao mbele za Mungu, na hitaji langu lilikuwa usalama kazini, kwa sababu wiki hiyo upepo ulikuwa mbaya. Katikati ya kesha mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Sijui nini kilinisimamisha. Nilisema kwamba mimi hutembea juu ya chuma mahali ambapo kunguru hutua, na watu huniuliza kama siogopi kuanguka, nami huwajibu kwamba mkanda wangu ni Yesu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Niliitunga pale pale nikiwa nimesimama.

Lakini kanisa liliinuka. Akina mama walipiga vigelegele, nikaitwa mbele nikawekewa mikono, na Kilonzo alisema amina kuliko wote. Mwende, nilijisikia vizuri sana. Nakwambia ukweli, sijawahi kujisikia hivyo kabla wala baadaye. Tuliimba mpaka kukapambazuka, tukanywa chai ya kanisa, tukaenda saiti moja kwa moja.

Unajua tayari kutoka yale mafunzo yenu ya kwanza kwamba ukifika juu, kitu cha kwanza ni kuchukua ndoano ya mkanda wako wa usalama na kuifunga kwenye waya uliopitishwa kando ya boriti. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nilikuwa nayo mkononi. Kisha nikamwona Kilonzo ananiangalia. Pengine hakuwa ananiangalia mimi, pengine alikuwa anaangalia kreni. Lakini niliona aibu. Niliona nikifunga ile ndoano mbele yake ni kama kusema kwamba usiku nilidanganya kanisa zima. Nikaiachilia ikaning'inia kiunoni. Kilonzo, yule wa amina, alifunga yake bila wasiwasi wowote, akajaribu kuivuta, akaanza kazi.

Boriti moja ilikuja ikizunguka kidogo. Nilinyoosha mkono kuipokea, na usingizi ukanipitia, ule mdogo unaompata mtu wakati wa mahubiri marefu. Mguu haukukuta chuma. Nilianguka juu ya mabati yaliyokuwa yamepangwa chini. Nyonga ilivunjika, na mkono wa kushoto ukaumia, ndiyo maana vidole hivi viwili huwa unavifunga bendeji nikivichoma bila kujua. Hiyo ndiyo habari yote. Nilikesha nikiomba nisianguke, na kukesha huko ndiko kulikoniangusha, pamoja na mdomo wangu.

Hospitalini walikuja wengi. Walisema nimeponywa ili nishuhudie, na nilipopata nguvu nikashuhudia, kwanza nikiwa na magongo, baadaye na mguu huu wa kuchechemea. Nilisimulia mara nyingi, na kila mara niliruka kile kipande cha ndoano. Nilisema tu kwamba nilianguka na Mungu akanidaka. Kilonzo alisikia mara moja, siku alipokuja Kanyangi tukaenda kanisani pamoja. Alisubiri mpaka tulipobaki wawili kando ya ukuta wa kibanda, akaniambia, "Baba Mwende, si ungefunga tu. Yesu hangekasirika." Nilicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo nikiitwa kushuhudia nasema koo linaniuma, na mama yako ananitazama tu.

Sikuandikii haya ili uache kwenda kesha. Nenda kama unataka kwenda. Ila ukiwa hujalala, asubuhi yake mwambie foromani kwamba leo hupandi. Watakucheka mpaka chakula cha mchana, halafu watapata mwingine wa kucheka. Na kuna jambo lingine ambalo mimi sikukutana nalo lakini wewe utakutana nalo, kwa sababu wewe ni msichana na wao watajivunia kuwa nawe. Wageni wakija saiti watataka upigwe picha ukiwa juu. Piga, cheka, hakuna ubaya. Ndoano kwanza. Mtu akiwa anaangaliwa ndipo anapokuwa mjinga kabisa, hiyo mimi nimeilipia.

Wanaume wa kule wengi watakuwa wazuri kwako, na hao ndio watakuchelewesha. Ukiwa unakaza bolti, mmoja atakuja na kukupokonya spana, ati anakusaidia. Mimi pia nimekufanyia hivyo, ukanikasirikia, ukawa na haki. Usimpe. Mwambie asante na uendelee kukaza. Atakayekusumbua kwa njia nyingine, hilo ni la mama yako, na nadhani mlishaongea kwa sababu nilisikia jikoni mkinyamaza nilipoingia.

Lakini nimeanza kuongea juu ya kazi ili nisifike mahali ninapotaka kufika.

Nilipotoka hospitali nilikuwa sisikii kitu. Sisemi masikio, na sisemi hivi vidole. Ndani. Nilidhani ni dawa, na dawa zikaisha. Nilidhani ni maumivu, na maumivu yakapungua. Nilikuwa ninakula, ninafanya kazi, ninacheka watu wengine wakicheka. Susu alipokufa, mama yangu mwenyewe, mwanamke aliyeniosha nikiwa mtu mzima mwenye mke kwa sababu sikuweza kuinama, nilisimama kaburini nikawa naangalia vishikio vya jeneza na kufikiri aliyevichomelea alikuwa na haraka. Watu walisema nimejikaza kama mwanamume. Sikujikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza.

Unakumbuka mnara wa tangi tuliojenga shuleni? Ulipanda peke yako kukaza zile bolti za juu, na watu walisema, tazama Baba Mwende alivyomwamini binti yake, hata hatikisiki. Hata wewe ulishuka ukiwa umefurahi, ukasema, "Umeniachia kazi ya juu yote." Nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu. Sikuwa jasiri, na sijui kama nilikuwa nimekuamini. Nilikuwa nimesimama tu hapo chini, na ungeanguka ningekuinua na kukupeleka hospitali, na ningefanya yote sawasawa.

Nilipaswa kumwambia mama yako tangu mwanzo. Badala yake niligundua kwamba mtu asiyesikia kitu huheshimiwa sana. Wananiita mtu wa busara. Wananiletea kesi zao za mipaka ya shamba na za wake zao kwa sababu sikasiriki na sina upande. Nikaipenda heshima hiyo. Nikaona afadhali nikae hivyo hivyo, na nyinyi wawili mkawa mnaishi na mtu wa busara ambaye ukimwonyesha kitu kizuri anakitazama kama mtu anayeangalia mvua ya kijiji cha jirani.

Siku ulipokuja mbio kibandani na simu mkononi ukisema umechukuliwa kazini, nilisema "vizuri" na nikawasha grinda. Niliona uso wako. Niliuona vizuri kabisa. Nilijua baba mwingine angesikia nini pale, nikasubiri nisikie hicho kitu, hakikuja, na grinda ikaendelea. Ulienda kulia kwa mama yako, na wewe mpaka leo unadhani sitaki uende. Leo mchana umeniuliza, "Baba, niende ama nisiende?" na mikono yako ikiwa imeshika geti langu, na mimi nikaongea juu ya geti. Samahani, mwaitu. Sikuwa na jibu la kukupa, na sikutaka kukupa lililotungwa. Niliwahi kutunga moja mbele ya kanisa zima, unajua lilinifikisha wapi.

Kwa hivyo hili ndilo ninalolijua la kweli kuhusu kazi ya juu. Utakutana na watu wa aina yangu kule. Watakuwa wazee wa kazi, wametulia, kila mtu anawasifu. Watakwambia kwamba woga huisha, kwamba wao hawaogopi tena. Wasalimie, jifunze mikono yao inavyofanya kazi, lakini usipande boriti moja na mtu wa namna hiyo kama una njia ya kukwepa. Anayeogopa kidogo ndiye anayefunga ndoano yake, na ndiye atakayeangalia kama umefunga yako. Asiyeogopa hakuoni kabisa. Nimekuwa hivyo, najua.

Sasa jioni hii. Ulivaa mkanda wako hapo uani kumwonyesha mama yako, na mama yako akasema unafanana na punda wa maji aliyefungwa mitungi, na mkacheka nyote wawili mpaka kuku wakatawanyika. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu. Nikaona kwamba mkanda wa paja la kulia umejikunja. Nikakuita. Niliufungua, nikaunyoosha, nikaufunga tena, nikauvuta kwa nguvu mpaka ukasema, "Pole pole Baba, utaniangusha kabla sijafika." Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nilidhani ni huu wa kushoto, nikaangalia, na wa kulia pia ulikuwa unatetemeka. Nilikwambia uko sawa, uvue.

Kisha nikaenda nyuma ya jikoni, nikashika ukuta, nikatapika chakula chote cha mchana. Jasho lilikuwa linanitoka na jua limeshatua. Mama yako alinikuta pale nimeinama, na nilimwambia nafikiri muthokoi ulikuwa umeharibika.

"Muthokoi tumekula sote," akasema. "Huugui. Unaogopa."

Nilimwuliza ana uhakika gani.

"Baba Mwende, mimi huogopa kila siku katika nyumba hii. Kwani hofu siijui?"

Akaleta maji kwenye kopo, akanimwagia mikono, akasubiri ninawe uso, akarudi kupakua chakula. Nimeishi na mwanamke huyo miaka yote hii na sikujua kwamba anaogopa kila siku, na sikumwuliza hata leo ni nini anachoogopa. Nitamwuliza kesho ukishaondoka. Tutakuwa na nafasi.

Nimekaa na kitu hicho, huo woga, tangu hapo. Kimekuja peke yake. Huzuni sijaiona, furaha sijaiona, na nikijaribu kufikiri kwamba chumba chako kitakuwa kitupu bado ni kama nafikiria chumba cha mtu mwingine. Sitaki kukudanganya kwamba nimepona. Lakini nilipokuwa navuta ule mkanda nilikuona uko juu, wewe hasa, na uso wako, na nywele zako zimefungwa kwa kile kitambaa, na nikaona upepo. Sijamwona mtu hivyo kwa muda mrefu mno.

Kesho, kabla hujatoka mlangoni, nitakubariki kwa kukutemea mate viganjani na kifuani, kama susu alivyonifanyia kila nilipotoka kwenda kazi ya mbali. Mama yako ataomba. Vyote viwili, tusiache kitu. Mchungaji akisikia habari ya mate atanuna, na anune. Sitaongea mengi kwa sababu sijui kuongea, na kwa sababu utakuwa umeshasoma hii. Ukiniona nimesimama hapo uso wangu ni ule ule wa siku zote, jua kwamba uso haujapata habari bado.

Swali lako lilikuwa uende ama usiende. Nimechelewa kulijibu kwa sababu nilikuwa nasubiri nipate kitu kizuri cha kukwambia, kitu ambacho baba humwambia mtoto anayetoka nyumbani. Nimepata hiki tu, na ni cha kweli, na ni chako peke yako. Naogopa, Mwende. Naogopa sana.

Nenda, mwaitu. Wewe uogope kidogo tu. Kuogopa sana niachie mimi.

Baba yako